Watoto Wapelekwe Kilwa Wangali Wakiuliza

Imekuwa ada ya wazazi wengi wa mijini, na hasa wale wa Dar es Salaam ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia gari na likizo, kusema kwamba watoto wadogo hawana haja ya kupelekwa kutazama miji ya kale, kwa kuwa akili zao hazijapevuka, hawatafahamu wanachokiona, na hata wakifahamu watakuwa wamekwisha kusahau kabla meno ya pili hayajaota. Kwa hiyo husubiri mpaka mtoto afike sekondari, aikute Kilwa ndani ya kitabu cha historia, akariri majina na miaka, afanye mtihani, na ndipo pengine siku moja, akiwa katika safari ya kikazi ya kwenda Lindi au Mtwara, apite njia panda ya Nangurukuru bila hata kugeuza shingo. Nakusudia kuipinga kauli hiyo. Umri ulio bora kuliko yote wa kupelekwa Kilwa ni ule ulio baina ya miaka minne na kumi, ambao mtoto hachoki kuuliza wala haoni haya kuuliza. Na njia iliyo bora ya kumfikisha huko ni barabara, kwa mwendo unaomfaa yeye, akiwa pamoja na wazazi wake, ili wao wawe watu wa kwanza kumjibu.

Sikatai kwamba atasahau. Mtoto wa miaka sita hatakumbuka kuwa Ibn Battuta alishuka Kilwa mwaka 1331, wala hatakumbuka jina la sultani aliyempokea, na mzazi anayemtaka ayakumbuke hayo amemtwika mzigo usio wake. Lakini liko jambo moja ambalo halisahauliki kwa urahisi, nalo ni mazoea. Mtoto aliyepita chini ya kuba za msikiti uliojengwa na watu wa pwani yake, kwa mawe ya bahari yake, akauona kuwa mahali pa kawaida pa kukimbilia kivuli wakati wa jua kali, huyo atakapokuja kuusoma mji huo kitabuni atausoma kama asomaye habari za jamaa yake; ilhali mwenziwe, ambaye hakuwahi kufika, atausoma kama habari za nchi ya mbali, na kwa kuwa kitabu chenyewe aghalabu ni kifupi na mwalimu ana haraka ya kumaliza muhtasari, ataitoka sura ile akiwa na miaka mitatu au minne kichwani na shaka moyoni kama kweli hayo yalitokea hapa.

Tuanze na njia, kwani wengi hudhani kuwa safari huanza kwenye magofu, na njia huihesabu kuwa ni taabu ya kuvumiliwa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kilomita takriban 300. Mtu mzima aliye peke yake huzimaliza kwa saa nne au tano. Mwenye watoto azipe siku nzima. Wako akina baba, nao si wachache, ambao wakishika usukani huona fahari kushindana na mabasi ya kusini, hawasimami ila kwa mafuta, na mtoto akilalamika kuwa amebanwa na haja huambiwa avumilie mpaka Kibiti. Safari ya namna hiyo humfundisha mtoto jambo moja tu, kuwa nchi yake ni kitu kinachopita dirishani kwa kasi. Na si kasi tu iliyo na hatari: hata ada hii iliyoenea mno ya mama kumpakata mtoto katika kiti cha mbele, kwa mapenzi na kwa nia njema, ni hatari iliyo dhahiri, kwa kuwa gari likigota, mikono ya mama, hata iwe na nguvu za namna gani, haiwezi kumzuia. Mtoto akae nyuma, katika kiti chake au ndani ya mkanda, na mama ageuke mara kwa mara kumtazama. Hilo lisiwe na mjadala hata kama analia.

Basi familia na itoke baada ya sala ya Alfajiri, kabla Mbagala haijaamka na kuziba barabara, ikiwa imechukua chapati, mayai ya kuchemsha, machungwa na maji ya kutosha, na ikiwa imeacha nyumbani peremende na soda, ambazo zikichanganyika na mizunguko ya njia huleta kichefuchefu na kuharibu siku ya kila mtu. Ipite Vikindu na Mkuranga kwa utulivu. Isimame inapoona mananasi yamepangwa kando ya njia au korosho zinakaangwa, si kwa ajili ya kununua tu, bali mtoto aone kuwa korosho huning'inia chini ya bibo, jambo ambalo watoto wengi wanaozila kila Ijumaa hawalijui na wakiambiwa hawaliamini. Na simu zifungiwe mahali. Najua kwamba simu humtuliza mtoto, na najua jinsi mzazi aliyechoka anavyoihitaji amani hiyo. Lakini mtoto anayetazama katuni kutoka Kongowe mpaka Somanga hakusafiri, na aliyenyimwa katuni atachoka, atanung'unika, atagombana na nduguye, kisha, akikosa la kufanya, ataanza kutazama nje na kuuliza. Hapo ndipo tulipokuwa tunapangoja.

Rufiji pana mengi, na hapo naomba safari isimame kwa muda mrefu. Kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, msafiri wa kusini alivuka mto huu kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika aliweza kukwama ng'ambo akisubiri maji yapungue. Na hata baada ya daraja kukamilika, kile kipande cha kilomita 60 baina ya Ndundu na Somanga kilikawia miaka mingi kutiwa lami, na watu wa Lindi na Mtwara walibaki wakiiona Dar es Salaam kuwa mbali kuliko ilivyo. Babu au bibi aliyepata kusafiri zama hizo, akichukuliwa katika gari, ana thamani kuliko kitabu chochote. Kabla ya kuingia darajani gari lisimamishwe mahali pa salama, watoto washuke, waelezwe kwamba maji haya yametoka mbali, kwamba Kilombero na Ruaha Mkuu na Luwegu yote yamekuja kukutana katika mto huu, na kwamba huko chini yanakoelekea, kabla ya kuingia baharini, mto hugawanyika mikono mingi katikati ya misitu ya mikoko. Kisha waambiwe habari za boriti.

Nina sababu ya kusema boriti zisisahauliwe. Miti ile ya mikoko ya Rufiji ilikatwa karne nyingi, ikapakiwa majahazini, ikapelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako nchi ni kavu na miti ya kuezekea ni adimu; na hapa pwani ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe. Kwa kuwa boriti haiwezi kuwa ndefu kupita kiasi bila kupinda, vyumba vya nyumba za Waswahili vilijengwa vyembamba na virefu, upana wake ukifuata urefu wa mti. Mtoto akishika boriti moja ya mkoko Rufiji, na kesho yake akasimama katika magofu ya Kilwa Kisiwani, ndani ya chumba chembamba, akaulizwa kwa nini waliokijenga hawakukipanua, atalijibu swali hilo mwenyewe, na furaha ya kulijibu itakuwa yake. Hilo ndilo ninalolikusudia ninaposema kwamba njia ni sehemu ya mji. Anayekwenda Kilwa kwa ndege huufikia mji usio na nyuma wala ubavu, umekatwa kutoka katika nchi iliyoulisha na kuujengea.

Baada ya mto kuna Mohoro, mahali ambapo tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi kupinga kulimishwa pamba kwa nguvu. Mtoto mdogo atosheke na hayo kwa wakati huo: kwamba palikuwa na mtu, kwamba watu walilazimishwa kazi, kwamba walikataa. Mengine yatakuja Kilwa Kivinje.

Wakati wa kusafiri nao una hukumu yake. Masika si majira ya kwenda kusini na watoto. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakasimama pande zote mbili na abiria wakalala njiani. Likizo ya katikati ya mwaka, masika yakiwa yamekwisha, ndiyo ifaayo, ingawa kusi huvuma wakati huo na huwa na nguvu zaidi mchana, na kwa sababu hiyo bahari ivukwe asubuhi.

Kuhusu malazi ya Masoko sina la kusema refu. Nyumba za wageni zipo, za bei mbalimbali, na mtoto aliyechoka hulala popote penye chandarua. Jambo la muhimu ni la jioni ile ya kwanza: baba au mama ateremke ufukweni na watoto, watafute kibali cha kuingia Kisiwani, kisha wazungumze na nahodha, na watoto wasikilize mazungumzo hayo. Wasikie nahodha akiulizwa maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, kesho ni bamvua au maji mafu, na upepo unatarajiwa vipi. Mtoto wa Sinza au wa Kariakoo, ambaye maisha yake yote yamegawanywa na saa ya ukutani na kengele ya shule, atatambua kwa mara ya kwanza kwamba wako watu wenye akili na heshima zao ambao saa yao ni mwezi na bahari, na kwamba asipofuata saa hiyo atashushwa katika tope la mikoko akibebwa mgongoni.

Wapo wanaopendelea boti ya mashine kwa kuwa huvuka upesi. Mimi, maadamu bahari imetulia na nahodha ni mtu anayeaminika, napendelea tanga, kwa sababu tanga ndilo linaloeleza Kilwa kwa nini ilikuwapo. Upepo wa kaskazi ulivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upepo wa kusi ukavirudisha. Lakini kaskazi haina nguvu sawa pwani yote, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo cha Arabuni kiliweza kuyafikia na kurejea katika msimu mmoja. Aliyetaka dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, huko mbali kusini, ilimlazimu aikute Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru, ikatajirika. Maelezo hayo yakitolewa ubaoni humchosha hata kijana wa kidato cha pili. Mtoto aliyeona tanga likijaa na mashua ikiinama, akasikia kamba ikilia, atayafahamu kwa maneno machache tu.

Hapa sharti niseme neno kwa wenye mamlaka. Majaketi ya kujiokolea yanayopatikana katika vyombo vingi vya pwani yetu ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano akivalishwa moja humtoka kichwani pindi anapotumbukia. Mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, ukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Nchi iliyoweza kuimarisha kuta za karne ya kumi na nne haiwezi kushindwa kuweka ufukweni Masoko majaketi ya ukubwa wa watoto. Falau hilo lingefanywa, na wakapatikana waongozaji waliofundishwa kuzungumza na watoto kwa Kiswahili chepesi, naamini familia nyingi ambazo leo husita zingevuka. Mpaka lifanywe, mzazi anunue jaketi la mwanawe Dar es Salaam na kulichukua pamoja naye.

Kisiwani kwenyewe kosa kubwa la wageni ni kutaka kuona kila kitu kwa asubuhi moja: Gereza, Msikiti Mkuu, Makutani, makaburi, msikiti mdogo wa kuba, Jangwani, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, huku mtoto akivutwa mkono juani na kuambiwa atazame. Ningeshauri mambo mawili tu yatazamwe kwa utulivu, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na mengine yaachiwe bahati. Na kabla ya yote hayo, watoto wafundishwe kwamba kisiwa hiki hakikuhamwa. Wapo watu wanaoishi hapo, wanavua, wanalima, wana msikiti wanamosali, na baadhi yao huyazuru makaburi ya wazee kwa dua. Mtoto aamkie, aseme shikamoo kwa kila mzee anayepita, avae nguo ya heshima, wala asipande juu ya kaburi. Huenda akacheza na watoto wa pale, nao ndio watakaomwonyesha njia ambayo mwongozaji hakuikumbuka.

Msikiti Mkuu ulijengwa kwa vipindi. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kwanza, ya karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Kisha mwanzoni mwa karne ya kumi na nne Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua mno upande wa kusini, akaezeka kwa kuba na matao. Nguzo za upanuzi ule zikaja kushindwa na uzito, sehemu ikaanguka, na katika karne iliyofuata ikajengwa upya kwa nguzo za pembe nane, ambazo ndizo tunazozipita leo. Mtoto aambiwe na habari ya kuanguka huko. Atapenda kujua kuwa hata mafundi wa sultani walikosea hesabu, kwamba kazi ilirudiwa, na kwamba iliyorudiwa ndiyo iliyodumu. Aguse ukuta kwa kiganja aone kwamba jiwe lina vitundu, kwa kuwa lilikuwa tumbawe lililo hai baharini, na kwamba chokaa iliyoshika mawe hayo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe.

Na hapo hapo, kivulini, ndipo pa kusimulia hikaya. Ya kwanza ni ile iliyomo katika habari za kale za Kilwa, kwamba Ali bin al-Hasan alipofika kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo ambazo zingeweza kukizunguka kisiwa chote. Watoto wadogo hawatasubiri. Watataka kujua nguo hizo zilikuwa pima ngapi, za rangi gani, na aliyeuza alizifanyia nini. Wanahistoria wanayo shaka yao kuhusu Shirazi, kwa kuwa udongo wa Kilwa unaonyesha kuwa watu wa pwani hii walikuwa wamekaa hapo zamani kabla ya nasaba hiyo kutajwa. Na hilo nalo si gumu kumwambia mtoto, kuwa watu hupenda kusimulia asili yao kwa namna inayowapa utukufu.

Ya pili ni ya Ibn Battuta. Msafiri huyo, mzaliwa wa Tangier, alipofika Kilwa alikuwa kijana wa miaka 27, na aliusifu mji kuwa ni miongoni mwa iliyo mizuri na iliyojengwa vizuri. Na sultani, huyu huyu al-Hasan, aliitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa atiya zake. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa sultani alitoka msikitini kwa miguu, akakutana na fakiri kutoka Yemeni aliyemwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akakubali. Fakiri akazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi nyumbani kwa khatibu, akabadili mavazi, akamwita fakiri aje azichukue, na watu wakastaajabu kwa unyenyekevu wake. Hakuna mtoto asiyependa kisa hicho, na aghalabu wasimuliaji huishia hapo. Lakini kisa hakiishii hapo. Mwana wa sultani alizichukua nguo zile kutoka kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Na sultani alipopata habari jinsi watu walivyolishukuru tendo lake, akaamuru fakiri aongezwe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tena msafiri huyo huyo anataja kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kuteka ngawira.

Naijua hamu ya mzazi ya kukata kisa katikati. Nasema asikikate. Mtoto atauliza mtumwa ni nani, na aliwezaje mtu kupewa mtu kama zawadi, na kama sultani alikuwa mwema au mbaya. Amjibu kwamba alikuwa mkarimu kwa fakiri na dhalimu kwa wale ishirini, yote mawili kwa siku moja, na kwamba majina ya hao ishirini hakuna aliyeyaandika. Sikumbuki kuona mtoto aliyeshindwa kuyapokea maneno hayo yakisemwa kwa upole. Wanaoshindwa ni sisi.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya genge linalotazama bahari, na watoto waifikie kabla jua halijawa kali. Ilikuwa kasri ya sultani huyo, yenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua za kupokelea bidhaa, na birika la kuogelea lenye pembe nane ambalo lingali likitambulika, na ambalo kwa watoto ndilo litakaloshinda misikiti na makasri yote, kwani watataka kujua maji yalipandishwaje mpaka huko juu. Chini, katika mchanga, wataona vipande vya kauri za Kichina, vya kijani na vyeupe, na mikono yao itakwenda mifukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na mzazi asiseme tu kwamba inakataza. Aseme kuwa kipande kikiwa mahali pake humweleza mchunguzi nani alikula hapo na lini, na kikiwa katika droo Mikocheni hakimwelezi mtu chochote. Amtolee mfano wa sarafu. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa mbali mno: moja yenye jina la al-Hasan ilipatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota nyingine kadhaa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zile za Australia zimewasumbua wataalamu mpaka leo, kwa kuwa ziliondolewa mchangani bila kuandikwa vizuri zilikuwa wapi na pamoja na nini.

Atauliza, bila shaka, nani aliuvunja mji. Mwezi Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia na merikebu za Ureno, askari wakapora mji, wakajenga ngome ambayo miaka saba baadaye waliiacha. Hayo ni kweli, na ni rahisi kuishia hapo kwa kuwa adui aliyetoka nje humfariji msimuliaji. Lakini Kilwa ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa fitina za wakubwa wake waliogombea kiti, na baada ya Wareno iliinuka tena katika karne ya kumi na nane, ikajenga Makutani, na Waomani wakaijenga upya ngome ya Gereza, kisha biashara ikahamia bara, Kivinje. Mji haukufa siku moja.

Ndiyo maana naona wanaorudi Dar es Salaam bila kukata kona kuelekea Kivinje wameiacha safari nusu. Wazazi wengi husema Kivinje haifai watoto. Mji ule wa milango ya nakshi na boma la Wajerumani lililoegemea bahari ulikuwa, katika karne ya kumi na tisa, bandari kubwa kupita zote za pwani hii kwa kusafirisha watumwa kwenda Unguja, misafara ikitoka nchi za Ziwa Nyasa, mpaka mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipotia saini kuipiga marufuku biashara hiyo baharini. Na hapo hapo, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya aliyepigana nao, na baada yake wapiganaji wa Vita vya Maji Maji, mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Ni kweli kwamba hayo ni mazito. Lakini mtoto ameshauliza Kisiwani mtumwa ni nani, na ameshasikia Mohoro kwamba watu walikataa. Jibu la maswali yote mawili liko Kivinje, na kumpitisha mbali nalo ni kumwambia kwamba maswali yake hayakuwa na heshima.

Aambiwe kwa maneno machache: kwamba watu walikamatwa makwao, wakatembezwa mpaka hapa, wakauzwa, kwamba waliouzwa walikuwa na mama na baba na majina, na kwamba miongoni mwa waliowauza walikuwamo watu wa pwani hii hii na watu wa bara pia. Huenda akauliza kama mababu zake walikuwa wauzaji au wauzwa. Mzazi anayejua aseme anachokijua, na asiyejua aseme hajui, kwa kuwa katika koo nyingi za pwani wote wawili wamo. Swali hilo litamfikia mtoto kwa vyovyote. Afadhali limfikie hapo, likijibiwa na watu wanaompenda, kuliko kumfikia darasani miaka kumi baadaye katikati ya wenziwe arobaini na watano, mahali ambapo jibu la haraka huwa ni kunyoosheana vidole kwa rangi na kwa dini.